Mililita Tano

Kila baada ya saa nne, mililita tano.
Si tatu, si saba. Nesi Awinja ameandika
kwa kalamu nyekundu ubavuni mwa chupa,
akanifunza kuvuta bomba la sindano lisilo na sindano
mpaka mstari mweusi, hapo hapo, usipepese jicho.
Dawa ni ya kijani, chungu kama shubiri.
Kabati inakotoka lina kufuli mbili
na daftari ninalotia sahihi
kama mtu anayekopa.

Saa moja jioni nampa mimi, kisha nakwenda lindo.
Saa tano anampa Kendi. Saa tisa, Kendi tena,
akiamshwa na simu chini ya mto.

Mimi dawa yangu naipata kwa Hodhan, Isli, Mtaa wa Saba,
kibanda chenye gunia lililolowa
na majani ya mgomba yanayovuja maji.
"Giza au alele?"
Giza, namwambia. Ya kukaa gizani.
Hucheka kila siku kana kwamba hajawahi kuisikia.

Nakwangua ganda kwa meno, narundika shavuni,
karanga kidogo, chai ya rangi kwenye chupa ya maji,
na kufika saa sita handasi imepanda:
nahesabu ribiti za mlango wa duka la mapazia,
nampenda kila paka,
nina ramani ya ghorofa nitakayoijenga Maua
na majibu yote niliyopaswa kumpa daktari.
Saa kumi ramani imekufa. Taya zinauma.
Katika ghorofa zimebaki ngazi tu.

Mjomba M'Ikiara alikuja Jumapili,
akanusa chupa, akairudisha mezani kama nyoka.
"Mnamlisha dada yangu kasumba?"
Shavu lake la kushoto limetuna veve.
Nikatazama shavu. Akatazama chupa.
Kendi akaleta chai.

Na majirani wa ploti wanasema ni unga.
Unga naujua. Nilimwona Mutwiri wa chumba cha sita
akisinzia wima kwenye mfereji,
ndoo ikifurika, viatu vikielea.
Mama hasinzii wima. Mama, nusu saa baada ya kumeza,
anakunja goti. Anaomba uji. Anauliza
kwa nini pazia limefungwa kama kwa mchawi.

Katika saa kama hiyo aliniambia, lete hicho kitita.
Nikakitoa mfukoni kama mtoto aliyekamatwa na mwalimu.
Yeye aliyefunga vitita Maua miaka ishirini na sita,
akishindana na gari la saa tano,
akakigeuza, akakinusa.
"Nani kafunga hiki? Kafunga kama anafunga mbuzi."
Akavua ukamba. Vidole vilevile ambavyo alfajiri
vilishindwa na kijiko
vikapanga vijiti, vyekundu kwa vyekundu,
vinene nje, vyembamba ndani ("usimwambie mtu"),
vikazungusha, vikavuta, vikapiga fundo
ambalo sikuliona likipigwa.
"Sasa nenda. Mwizi hapigi hodi."

Usiku ule sikuweza kulifungua.
Nililishika tu, mpaka usingizi ukanibeba
nikiwa nimeegemea mlango wa watu.
Msimamizi alinikuta. Wakanikata mia tano.

Chupa ya mwisho niliirudisha ikiwa na mililita sitini na tano.
Awinja akapima, akapima tena, akaandika,
akanisogezea kalamu. Sikujua
ni kalamu ileile nyekundu mpaka nilipoona jina langu.
Akauliza, unalala?
Mfukoni kitita kilikuwa kimekauka;
miraa ikipita siku ya tatu ni kuni.
Nikamuuliza, saa ngapi sasa?
Saa tisa, akasema.
Na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukaanza kutafuta mstari mweusi.